Utarudi Lini?

Somo: Nehemia 2:1-9 na 13:6-7

Tunawasalimu ninyi mlio njiani kwenda kazini, ninyi mlio jikoni mkitayarisha chai ya watoto, na ninyi mliokesha shambani usiku kucha mkifukuza ndovu wasimalize mahindi. Bwana awe nanyi.

Asubuhi hii tungependa tuzungumze juu ya jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za Taita Taveta. Ni jambo la viza. Zamani neno hili lilikuwa la wakubwa na la wanafunzi wachache. Leo, hata huku kwetu Bura, chini ya milima, ukisimama dukani au ukingoja gari la Mwatate utasikia vijana wakizungumza: fulani amepata ya Qatar, fulani amenyimwa ya Canada, fulani angali akingoja ya Saudia. Na katika maombi ya katikati ya juma, mtu akisema, "Niombeeni, nina jambo langu," mara nyingi twajua kwamba jambo lenyewe ni karatasi iliyoko Nairobi.

Kwa ajili ya wazee wetu, tueleze kwanza maana yake. Pasipoti ni hati unayopewa na serikali yako, ikisema, "Huyu ni mtu wetu." Viza ni ruhusa unayopewa na serikali ya watu wengine, ikisema, "Tumekubali aje kwetu, kwa shughuli hii, kwa muda huu." Ya kwanza ni haki ya mwananchi. Ya pili huombwa tu, na aombaye aweza kunyimwa.

Sasa tuwaambie kilichotufanya tuchague somo hili.

Jioni moja mama mmoja wa kanisa letu alifika nyumbani kwetu pamoja na mwanawe wa kiume. Mama huyu tunamjua vizuri. Ni mjane, na mumewe tulimzika sisi. Kwa miaka mingi ndiye afuaye na kupiga pasi vitambaa vya meza ya Bwana, wala hajawahi kuomba hata fedha ya sabuni. Mwanawe amesomea kazi ya umeme, ana cheti, na kwa miaka miwili amekuwa akingoja kazi ambayo haiji. Tukawakaribisha, chai ikaletwa, tukaulizana habari za mvua. Kisha mama akatoa karatasi katika mkoba wake, akaiweka mezani.

Ilikuwa barua iliyokwisha kuandikwa na wakala mmoja mjini. Ilikosa vitu vitatu tu: anwani ya kanisa, sahihi yetu, na muhuri. Barua ile ilisema kwamba kijana huyu ni karani wa parishi yetu, kwamba ameajiriwa kwa muda wa miaka 4, kwamba analipwa shilingi 55,000 kwa mwezi, na kwamba kanisa limempa likizo ya majuma 3 ahudhurie mkutano wa vijana Wakristo ng'ambo, kisha arudi kazini. Wapendwa, parishi yetu haina karani. Hata sisi wenyewe hatulipwi fedha hizo.

Wakala alikuwa ameahidi pia kuweka fedha katika akaunti ya kijana kwa siku chache, taarifa ya benki ichapishwe, kisha fedha zitolewe zirudi zilikotoka. Kwa kazi hiyo yote alitaka shilingi 280,000. Mama alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi wa ng'ombe wake wawili, na mtu wa kukodi shamba lake la bondeni.

Tukamwuliza kijana, "Na hayo majuma matatu yakiisha?" Akatazama chini. Aliyejibu ni mama. Alisema, "Mchungaji, huko atajitafutia. Hiyo ni karatasi tu."

Tukawaomba watuachie karatasi ile hadi Jumapili. Usiku ule hatukulala vizuri, na sababu yake tutawaambia punde. Lakini kwanza twende katika Neno la Mungu.

Katika kitabu cha Nehemia sura ya pili twamkuta mtu aliyeomba ruhusa ya kusafiri. Nehemia alikuwa Myahudi aliyeishi ugenini, katika mji wa Shushani, akiwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi. Habari zilimfikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketezwa kwa moto. Akalia, akafunga, akaomba kwa siku nyingi. Ndipo siku moja mfalme akauona uso wake, akamwuliza kwa nini ana huzuni. Biblia haifichi neno: Nehemia aliogopa sana. Lakini akasema kweli. Akasema kwamba mji wenye makaburi ya baba zake ni ukiwa, akaomba aende kuujenga.

Hebu tazameni alichoomba. Aliomba nyaraka kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, ili wamruhusu apite mpaka afike Yuda. Akaomba na waraka mwingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti ya malango. Ndugu zangu, nyaraka zile ni nini kama si viza? Mambo haya yalitendeka zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na tayari mtu wa Mungu alikuwa amesimama mbele ya mwenye mamlaka, moyo ukimdunda, akiomba karatasi ya kuvukia mpaka.

Lakini kabla ya kumpa nyaraka, mfalme alimwuliza maswali mawili, malkia akiwa ameketi karibu naye. La kwanza: safari yako itakuwa ya siku ngapi? La pili: utarudi lini? Nehemia akampa muda maalum. Kisha mfunue sura ya 13, mstari wa sita. Mtaona kwamba baada ya miaka 12, katika mwaka wa 32 wa Artashasta, Nehemia alirudi kwa mfalme. Alikuwa amefika katika mji wa baba zake. Alikuwa liwali huko, mtu mkubwa, na mfalme alikuwa mbali sana. Hata hivyo alirudi. Na aliporudi, akaomba ruhusa mara ya pili, akapewa. Mwenye kurudi kama alivyosema hupata mlango ungali wazi.

Basi, swali lile la Artashasta halijakoma kuulizwa. Aombaye viza ya kuitembelea Marekani hukutana na afisa dirishani, katika ubalozi ulioko Gigiri, Nairobi. Sheria ya nchi ile, iliyotungwa mwaka 1952, humwagiza afisa amhesabu mwombaji kuwa ni mtu anayetaka kuhamia huko, mpaka mwombaji mwenyewe aonyeshe kwamba analo jambo la kumrudisha kwao. Waingereza nao, na nchi nyingine za Ulaya, hutafuta jambo lilo hilo. Ndiyo sababu huulizwa habari za kazi yako, akiba yako, jamaa zako na shamba lako. Karatasi ni nyingi, lakini swali ni moja: utarudi lini, na ni nini kitakachokurudisha?

Sasa turudi kwa lile neno la mama, kwamba ni karatasi tu. Wazee wetu wasingelisema hivyo. Tangu mwaka 1920 serikali ya wakoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni katika kisanduku cha bati, hata walipokwenda kukata mkonge. Babu zetu walijua kwamba karatasi yaweza kumfunga mtu kama mbuzi. Ilikuwa karatasi ya kuonewa, nao waliichukia, lakini hawakuidharau. Walijua kwamba panapoandikwa jina la mtu, mtu mwenyewe yumo.

Nasi twajua. Na sasa, wapendwa, tutawaambia kwa nini usingizi ulitukimbia usiku ule.

Miaka zaidi ya kumi iliyopita, tulipokuwa kasisi kijana katika kanisa jingine la kaunti hii, tuliletewa barua kama ile ile. Aliyeileta alikuwa mwimbaji wetu, mwana wa pekee wa mama yake. Barua ilisema kwamba yeye ni mwalimu wa shule ya Jumapili aliyeajiriwa na kanisa, na kwamba atarudi baada ya siku 30. Alikuwa akiwafundisha watoto nyimbo, hilo ni kweli, lakini hakuwa na mshahara hata wa senti moja, wala hakuwa na nia ya kurudi. Yote tuliyajua. Tulijiambia kwamba tunamsaidia maskini. Tulijiambia kwamba nchi zile ni tajiri na haziwezi kudhurika kwa mtu mmoja. Mkono wetu wenyewe ulishika kalamu, ukatia sahihi, ukagonga muhuri wa kanisa.

Majuma mawili baadaye simu ililia. Mtu wa ofisini aliuliza kwa upole kama kijana yule ameajiriwa nasi. Tukajibu, "Ndiyo." Akauliza, "Na mnatumaini atarudi?" Tukajibu, "Atarudi." Hivyo uongo wa kalamu ukazaa uongo wa kinywa. Jumapili iliyofuata tulipanda mimbarani kama kawaida.

Kijana alipata viza, akaenda. Siku 30 zikapita, akabaki. Akafanya kazi za usiku, za kuosha vyombo na kubeba mizigo, kwa malipo pungufu, kwa sababu asiye na kibali hana pa kushtaki. Hatutasema kwamba hakufanya mema. Alimwezekea mama yake nyumba kwa mabati mapya, akamnunulia tangi la maji. Lakini kila Jumapili baada ya ibada, mama yule alitushika mkono mlangoni, akatuuliza, "Mchungaji, mwanangu atarudi lini?" Alituuliza sisi kwa kuwa alijua kwamba ni sisi tuliomwandikia. Swali ambalo tulikuwa tumelijibu kwa uongo mbele ya mtu wa ofisini lilirudi kwetu kupitia kinywa cha mama, na kwake hatukuwa na jibu.

Mama akaugua, akafariki. Mwanawe hakuweza kuja. Angalitoka katika nchi ile, ingalionekana kwamba alikaa kupita muda wake, na mlango ungalifungwa nyuma yake, hali huko ameacha mke na mtoto mchanga. Siku ya mazishi binamu yake alisimama kando ya kaburi ameinua simu ya mkono. Tuliposoma maneno ya kuzika, tulisikia kilio cha kijana kikitoka katika kile kisanduku kidogo. Kisha mtandao ukakatika, kukawa kimya. Watu wakatutazama, kama kwamba tungojee. Tukangoja kidogo. Kisha tukaendelea kuzika.

Wapendwa, Nehemia aliomba ruhusa kwa ajili ya makaburi ya baba zake. Alisema kweli, naye akaenda na kurudi. Kijana wetu alisema uongo, nasi tukamtilia muhuri, naye hakuweza kulifikia kaburi la mama yake. Tangu siku ile hatuwezi kusema tena kwamba ni karatasi tu. Tulitubu mbele za Mungu, tukaungama kwa Askofu wetu, nasi leo twaungama mbele yenu. Tumesamehewa, twaamini hivyo. Lakini msamaha haukulifanya lile kaburi lisiwepo.

Kwa hiyo Jumapili ile yule mama wa vitambaa aliporudi na mwanawe, tuliwapa barua nyingine. Tuliandika kwamba tumemjua kijana huyu tangu alipokuwa mtoto wa shule ya msingi, kwamba alipokea kipaimara katika kanisa letu, kwamba hana kazi ya kudumu ila humsaidia mama yake shambani, kwamba alitunza fedha za harambee ya choo cha kanisa na hesabu ikawa sawa hadi shilingi ya mwisho, na kwamba ni fundi wa umeme ambaye twaweza kumwamini ndani ya nyumba yetu. Tukatia sahihi, tukagonga muhuri.

Mama aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Basi, Mchungaji, umemfungia mwanangu mlango." Akaikunja, akaondoka bila kunywa chai.

Jumapili iliyofuata vitambaa vya meza ya Bwana vililetwa na mtoto, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimekunjwa sawasawa kama siku zote. Yeye hakuja. Jumapili ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Jumapili ya nne alikuja, akaketi nyuma. Sasa anakuja. Hajarudi kuzungumza nasi kama zamani, nasi hatumlaumu. Ng'ombe wake wangali zizini. Kijana anamsaidia fundi mmoja mjini Voi kuingiza umeme katika nyumba, na ameomba kazi ya ufundi katika nchi za Ghuba kwa njia ya halali, akiitumia ile barua ya kweli. Hadi tunapozungumza nanyi hajapata jibu. Huenda akapata, huenda akakosa. Hatukuja asubuhi hii kuwaahidi kwamba msema kweli hupewa viza. Tumekuja kusema kwamba msema kweli hubaki na mlango wa kwao.

Hata hivyo yatupasa tuwe wenye haki kwa pande zote. Kuna mambo mawili yasiyofaa kunyamaziwa.

La kwanza, kusafiri si dhambi. Abrahamu aliitwa ahame. Wana wa Yakobo walishuka Misri kwa sababu ya njaa, na Elimeleki akaenda Moabu kwa sababu iyo hiyo. Baba zetu walikwenda Mombasa kutafuta kazi. Hata Injili ilitufikia kwa miguu ya msafiri: mwaka 1883 mmisionari Wray alipanda mlima wa Sagalla, na hatujasikia kwamba wazee wa Sagalla walimtaka taarifa ya benki. Na mipaka yenyewe huwekwa na wanadamu, nao huibadilisha. Ndugu zetu wa Taveta wakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka, hata mwaka 1983. Mtu wa Taveta aliyekuwa na jamaa upande wa Holili aliuona mlima Kilimanjaro ule ule kila asubuhi, lakini kwenda kwao kwa njia ya halali hakuweza. Leo Mkenya huingia Tanzania bila kuomba viza. Kwa hiyo tusimhukumu kijana anayetazama ng'ambo. Njaa ya kazi ni njaa kweli.

La pili, wenye milango nao wana lawama. Mwaka 2019 wabunge wa Uingereza walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba maombi ya viza ya Waafrika yalikuwa yakikataliwa zaidi ya mara mbili kuliko ya watu wa sehemu nyingine za dunia. Na ada hulipwa kabla, wala ukikataliwa hairudishwi. Ada ya kuomba viza ya kuitembelea Marekani ilipandishwa Juni 2023 ikawa dola 185, na ile ya nchi za Ulaya za Schengen ilipandishwa Juni 2024 ikawa euro 90. Kwa mkulima wa Bura hizo ni fedha za mbuzi kadhaa, na jibu huenda likawa mstari mmoja. Twajua pia kwamba wako waliosema kweli yote, wakaonyesha kila kitu, na bado wakakataliwa. Hilo ni chungu. Lakini, wapendwa, udhalimu wa mwenye mlango haumpi mwombaji ruhusa ya kudanganya. Akituonea, dhambi ni yake. Tukidanganya, dhambi ni yetu, na mara nyingi hasara pia huwa yetu. Uingereza yaweza kumfungia mwenye hati za uongo kwa miaka 10. Marekani yaweza kumfungia maisha. Mtu anaweza kununua uongo wa siku moja na kuulipia mpaka uzeeni.

Basi tufanye nini? Tuna neno kwa kila mmoja.

Kwenu vijana mnaotaka kusafiri: jazeni fomu zenu wenyewe, au angalau msomeni kila neno kabla ya kutia sahihi. Wakala akikuandikia uongo, afisa hatamwuliza wakala. Atakuuliza wewe, kwa maana jina ni lako. Mkitafuta kazi katika nchi za Ghuba, ulizeni kwanza kama wakala ana leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Hudhurieni mafunzo yanayotakiwa kabla ya safari, wala msiyanunue kwa cheti cha bandia, kwa kuwa humo ndimo mtafundishwa haki zenu na pa kukimbilia mkiteswa. Mkataba usomeni, muulizeni asiyeelewa kwa aelewaye. Na nakala ya pasipoti na ya mkataba muiache nyumbani, mikononi mwa mtu mtakayeweza kumpigia simu usiku.

Kwenu wazazi: msiuze ng'ombe wa mwisho wala kukodisha shamba lote kwa ajili ya karatasi ambayo hamkuisoma. Na kabla ya kumwuliza mtoto atatuma nini, mwulizeni lile swali la Artashasta. Utarudi lini? Akishindwa kuwajibu ninyi, atamjibuje afisa?

Kwenu makasisi wenzetu, wazee wa kanisa, walimu wakuu na machifu: muhuri mnaoushika si wenu. Mkiutumia kusema uongo kwa ajili ya mmoja, mnamwibia yule atakayekuja kesho na barua ya kweli. Bwana wetu alifundisha katika Mathayo sura ya tano kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Hakusema kwamba neno hilo laishia mlangoni pa ubalozi.

Kwenu mliokataliwa: katika Matendo sura ya 16, Paulo na wenzake walitaka kwenda Asia, wakazuiwa. Wakajaribu Bithinia, hawakuruhusiwa. Watu wa Mungu walinyimwa njia mara mbili katika safari moja, nao hawakuwa wametenda kosa. Kukataliwa dirishani si kukataliwa na Mungu. Muhuri wa ubalozi haupimi utu wa mtu.

Na kwenu mlio mbali, ambao huenda mwasikia maneno haya kwa kuletewa na ndugu: ninyi ambao muda wenu ulikwisha, nanyi mwaishi kwa kujificha. Hatuwahukumu, maana wengine wenu mlikwenda na barua zetu. Msikae kimya kwa aibu. Pigeni simu nyumbani wakati mama angali hai. Tafuteni shauri la mtu aijuaye sheria ya huko, muone kama iko njia ya kutengeneza mambo yenu. Na hata kama njia haionekani, anzeni na kweli mbele za Mungu, kwa kuwa yeye hana dirisha lenye kioo kati yake na mwombaji.

Ndugu msikilizaji, tumalize. Nehemia aliposimama mbele ya mfalme, kati ya swali na jibu, alimwomba Mungu wa mbinguni. Lilikuwa ombi fupi sana, kwa kuwa mfalme alikuwa akingoja. Nawe, siku utakayosimama dirishani, omba ombi kama lile. Usiombe kwanza kupata viza. Omba kwanza usiwe mwongo. Kisha sema yaliyo kweli, upokee utakachopewa.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyekuwa pamoja na Abrahamu njiani na pamoja na Nehemia mbele ya mfalme, uwakumbuke watoto wetu wanaotafuta kazi mbali na karibu. Uwafungulie milango iliyo mema. Uwalinde walio katika nyumba za watu wageni. Uwafariji waliokataliwa. Utusamehe sisi tulioutumia muhuri wa kanisa lako kwa uongo, na uwahurumie waliopata hasara kwa ajili yetu. Uwalaze kwa amani akina mama waliokufa wakiuliza, na uwafikishe nyumbani wana wao. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo, aliyekwenda kutuandalia mahali, naye alisema kweli aliposema atarudi. Amina.